Kobalti inapita kwetu kila siku, na hatuijui

Ukisimama kando ya barabara kuu inayotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam, saa yoyote ile, mchana au usiku, utaona malori yanayotoka Kongo. Mengine yamebeba mabamba ya shaba, na hayo kila mtu anayatambua. Mengine yamefunikwa turubai, na ndani yake imepangwa mifuko mikubwa, kila mmoja kama tani moja hivi, imejaa unga wenye unyevunyevu. Unga huo ni haidroksidi ya kobalti.

Nafundisha kemia hapa Mbeya, na bado nakutana na watu wazima waliosoma vizuri ambao wanaijua kobalti kwa jambo moja tu: watoto wanaochimba mawe Kolwezi, kusini mwa Kongo, ili wenye uwezo wapate simu. Jambo hilo ni la kweli, na nitalifikia. Lakini kulijua hilo peke yake kunatufanya tuitazame metali hii kama msiba wa jirani, kitu cha kusikitikia kisha tuendelee na yetu. Kumbe imo katika makaburi ya pwani yetu, imo ndani ya ng'ombe wetu, imewatibu ndugu zetu wenye saratani. Nami naamini kabisa kwamba anayekalia mali asiyoijua tabia yake atauza mchanga siku zote.

Basi tuanze na tabia yake.

Kobalti ni elementi namba 27, iko katikati ya chuma na nikeli, na zote tatu zinavutwa na sumaku. Ukipasha moto nikeli, usumaku wake unakwisha kabla joto halijafika nyuzi 360 za Selsiasi. Chuma kinahimili hadi nyuzi 770. Kobalti inaushikilia usumaku wake mpaka zaidi ya nyuzi 1,100, na hakuna elementi nyingine inayofika hapo. Inayeyuka kwenye nyuzi 1,495. Aloi zake, yaani michanganyiko yake na metali nyingine, zinatumika katika injini za ndege, mahali ambapo metali nyingi zingelegea. Hata vichwa vya mashine za kutobolea miamba migodini vimetengenezwa kwa chembe ngumu za tangsteni na kaboni zilizogandishwa pamoja kwa kobalti. Mwamba wa Kolwezi unatobolewa kwa msaada wa kobalti ili itoke kobalti.

Lakini siri yake kubwa iko kwenye elektroni. Kama metali nyingine za mpito, kobalti ina ngazi ya elektroni ambayo haijajaa, ngazi ya d. Humo zimo elektroni 7, na nje yake 2. Hizo 2 inaziachia bila shida. Ya 3 inaiachia kwa masharti: inategemea imezungukwa na nani. Ukielewa sentensi hiyo moja umeielewa kobalti nzima, kuanzia rangi ya bakuli hadi betri ya simu.

Darasani nalionyesha hivi. Nachukua fuwele chache za kloridi ya kobalti, naziyeyusha katika maji kwenye bomba la kioo. Maji yanakuwa ya waridi, waridi laini kabisa. Kisha nadondosha asidi ya haidrokloriki kali, tone kwa tone, mbele ya dirisha ili wote waone. Kwanza hakuna kitu. Halafu zambarau inaanza kujitokeza chini ya bomba, inapanda, na mara bomba zima ni buluu iliyokolea. Nalitumbukiza kwenye barafu, waridi inarudi. Nalihamishia kwenye maji ya moto, buluu inarudi. Kobalti ni ileile na haijapoteza wala kupata elektroni hata moja. Kilichobadilika ni majirani zake: kwenye waridi imezungukwa na molekuli 6 za maji, kwenye buluu imeshikwa na kloridi 4. Majirani wakibadilika, nafasi kati ya ngazi za elektroni zake inabadilika, na mwanga inaoumeza unabadilika pia. Wanafunzi wanaliomba jaribio hili lirudiwe, na mimi sichoki kulirudia.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuigeuza ile chupa ya fuwele na kusoma lebo yake. Imetengenezwa Ulaya. Akauliza, "Mwalimu, si ulisema kobalti inatoka hapo Kongo?" Darasa likanyamaza likinitazama. Nilimjibu kwa urefu siku ile, na kwa kiasi fulani makala hii ni jibu lilelile.

Buluu hiyo imewafikia watu wa pwani yetu zamani sana. Nenda Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, au Mambrui karibu na Malindi, ukaangalie makaburi ya nguzo. Wazee wetu walipachika mabakuli na sahani za kaure kutoka China kwenye nguzo za matumbawe juu ya makaburi ya watu wao wakubwa. Mengi yameng'olewa, yamebaki matundu ya mviringo kwenye chokaa. Yaliyosalia, na vigae vinavyookotwa Gedi na Kilwa, mara nyingi yana michoro ya buluu juu ya weupe. Buluu hiyo ni kobalti. Fundi wa Kichina aliichora kwa brashi juu ya udongo ambao haujachomwa, ikiwa bado nyeusi-kijivu isiyovutia, akapaka juu yake tabaka la kioo, kisha akalitia bakuli tanuruni kwenye joto la nyuzi 1,300 hivi. Rangi nyingi hufa kwenye joto hilo. Kobalti ndiyo kwanza inageuka buluu.

Na kobalti yenyewe ilitoka wapi? Katika karne ya 14, mafundi wa China walipoanza kuitengeneza kaure hii kwa wingi, kobalti bora waliipata kutoka Uajemi, eneo la karibu na Kashan. Baadaye walichanganya na ya kwao. Kwa hiyo kuna mabakuli ambayo rangi yake ilichimbwa Uajemi, ikaenda China, ikachorwa, ikapakiwa tena jahazini, ikavuka Bahari ya Hindi mpaka kwenye kaburi la Mswahili. Napenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba biashara ya kobalti kati ya China na Afrika Mashariki ina zaidi ya miaka 500. Zamani ilikuja kwetu ikiwa imekamilika. Siku hizi inaondoka ikiwa ghafi.

Sasa ng'ombe. Enzi za ukoloni, wafugaji wa maeneo ya Nakuru walikuwa wakiona jambo la ajabu: ng'ombe wamezungukwa na majani mabichi, wanakula, lakini wanakonda, damu inapungua, manyoya yanasimama, mwishowe wanakufa. Ukiwahamishia malisho mengine wanapona. Farasi waliokula majani yaleyale hawakuwa na shida. Ugonjwa ukapewa jina la mji wenyewe: Nakuruitis. New Zealand, kwenye udongo wa majivu ya volkano, walikuwa nao kwa jina lingine, na Australia na Scotland vilevile. Kwa kuwa damu ilikuwa pungufu, wataalamu waliwapa mifugo chumvi za chuma. Ajabu ni kwamba wengine walipona na wengine hawakupona, na chumvi ya chuma iliyosafishwa vizuri zaidi ndiyo iliyoshindwa kabisa. Mwaka 1935 huko Australia likapatikana jibu: kilichoponya hakikuwa chuma, kilikuwa takataka ndani ya chuma. Takataka hiyo ilikuwa kobalti.

Ilichukua miaka mingine 13 kujua kwa nini. Mwaka 1948 ilitengwa vitamini B12, vifuwele vyekundu kama damu, na katikati ya kila molekuli ikakutwa atomi moja ya kobalti. Umbo lake lilichorwa na Dorothy Hodgkin, mama aliyezaliwa Cairo, kwa kutumia miale ya eksirei, na mwaka 1964 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mimea haitengenezi vitamini hii, wala sisi. Bakteria ndio wanaoitengeneza. Ng'ombe amewabeba bakteria hao tumboni, akila majani yenye kobalti kidogo tu wanampikia B12. Na mnyama anayecheua anaihitaji kuliko sisi, kwa sababu sukari ya mwili wake anaipata kwa kubadilisha asidi zinazotokana na uchachu wa tumbo la kwanza, na moja ya hatua za kubadilisha huko haiendi bila B12. Hatua hiyo inafanyika kwa kobalti kuuachia na kuushika tena mshikamano wake na kaboni. Kazi ni ileile ya kuachia na kushika. Mwili wa binadamu mzima una kobalti isiyozidi miligramu chache, na mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku, lakini zikikosekana kwa muda mrefu damu na mishipa ya fahamu vinaharibika. Mfugaji anayenunua jiwe la kulamba dukani asome pembeni ya kifungashio. Kobalti imo.

Kidogo ni uhai, nyingi ni sumu. Katikati ya miaka ya 1960 huko Quebec, Kanada, bia ilitiwa chumvi ya kobalti ili povu lidumu kwenye glasi, na wanywaji wakubwa wakaanza kufa kwa moyo uliolegea. Naikumbusha habari hii kwa sababu kuna watu wanaolala na kuamka ndani ya vumbi la kobalti, nao nitawarudia.

Kuhusu hospitali nitasema kwa ufupi. Kobalti ya kawaida, uzito wa 59, ukiiweka ndani ya mtambo wa nyuklia inameza nyutroni moja na kuwa kobalti 60, inayotoa miale ya gama yenye nguvu. Mgonjwa wa kwanza wa saratani alitibiwa kwa mashine ya namna hiyo Kanada mwaka 1951, na tangu hapo ndiyo iliyobeba tiba ya mionzi katika nchi zetu. Haihitaji umeme mwingi wala mitambo migumu kama ile ya kisasa. Udhaifu wake ni kwamba nguvu yake inapungua nusu kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi. Chanzo kisipobadilishwa kwa wakati, mgonjwa aliyekuwa akilala chini ya mashine dakika mbili sasa analala nne, na foleni nje inazidi kurefuka. Mwaka 2016 mashine pekee ya Uganda, iliyokuwa hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na nchi nzima ikabaki bila tiba ya mionzi mpaka ilipofungwa nyingine mwaka uliofuata, nayo ya kobalti. Mtu aliyemuuguza mama yake kipindi kile hahitaji kuelezwa umuhimu wa elementi namba 27.

Sasa twende Kolwezi.

Takribani robo tatu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na karibu yote inatoka ukanda mmoja, kutoka Lubumbashi kupita Likasi na Fungurume hadi Kolwezi, nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani na sokoni. Inapatikana pamoja na shaba. Jiwe la shaba lililooza juu ya ardhi ni la kijani, kila mtoto analijua. La kobalti ni jeusi, linachafua vidole kama masizi, na ni zito mkononi kuliko unavyotarajia. Kitaalamu linaitwa heterojenaiti. Kwa kuwa liko karibu na uso wa ardhi, mtu mwenye sururu, nondo na kamba anaweza kulifikia.

Mwaka 2014 mkazi mmoja wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, alichimba uani kwake akakuta jiwe hilo. Habari zilipoenea, watu walichimba ndani ya vyumba vyao vya kulala. Sakafu zilivunjwa, maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yakashuka wima, yakaunganishwa kwa chini, nyumba zikaanza kupata nyufa. Ni rahisi kuwashangaa ukiwa mbali. Mtu ana njaa, na chini ya kitanda chake kuna ada ya shule ya watoto. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya damu na mkojo wa watu wa mtaa huo. Kobalti miilini mwao ilikuwa juu sana, na ya watoto ilikuwa juu kuliko ya watu wazima, kwa sababu watoto wanacheza kwenye vumbi lilelile linaloingia kwenye sufuria.

Mchimbaji mdogo anapofikisha kiroba chake sokoni, mnunuzi anaelekeza kwenye mawe kifaa kama bastola, kinasoma asilimia ya kobalti, bei inapigwa. Kifaa ni cha mnunuzi. Mchimbaji amebeba mzigo mgongoni kutoka chini ya ardhi na hana njia ya kujua kama asilimia aliyosomewa ndiyo. Nikitafakari umuhimu wa kuijua metali yako, nafikiria dakika hiyo.

Kiwandani ndiko kemia ninayoifundisha inapofanya kazi. Kobalti iliyo ndani ya jiwe jeusi imeshaachia elektroni 3, na katika hali hiyo inagoma kuyeyuka kwenye asidi ya salfuriki. Shaba inayeyuka, yenyewe inabaki. Basi wanaingiza salfa dioksidi, gesi ambayo kazi yake hapo ni kuirudishia elektroni moja. Ikishaipata, inakuwa ile kobalti ya bomba langu la waridi, na inayeyuka. Kisha uchafu unaondolewa, magnesia inatiwa, na haidroksidi inatuama chini. Inachujwa, inajazwa kwenye mifuko, inapakiwa. Ndiyo ile inayopita hapa. Zaidi ya nusu ya uzito wa mfuko si kobalti, ni maji na vitu vingine, na nauli inalipwa kwa vyote. Usafishaji wa mwisho, ambako thamani inapanda, unafanyika hasa China.

Na mwisho wa safari ni betri. Mwaka 1980 huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kuachia lithiamu na kuipokea tena bila kuporomoka. Kobalti imepangwa kwa matabaka, lithiamu imelala katikati. Unapochaji simu, lithiamu inatoka, na kobalti inalipa kwa kuachia elektroni moja zaidi. Unapotumia simu, lithiamu inarudi, na elektroni inarudi. Betri za kwanza za aina hii ziliingia sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 Goodenough alishiriki Tuzo ya Nobel akiwa na umri wa miaka 97. Simu yako ina gramu chache tu za kobalti. Gari la umeme lenye betri ya nikeli na kobalti lina kilo kadhaa.

Kuna wanaosema kobalti haina mbadala, kwa hiyo Kongo imeshika dunia mkononi. Historia inasema vingine. Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliiteka Kolwezi, na bei ya kobalti duniani ikapanda mara kadhaa. Wakati ule sumaku bora kuliko zote zilitegemea kobalti. Watengenezaji wakashtuka, wakaanza kutafuta njia nyingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikapatikana sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni, yenye nguvu zaidi na isiyohitaji kobalti. Sumaku iliyomo kwenye spika ndogo ya simu yako ni tokeo la vita ile. Na sasa sehemu kubwa ya magari ya umeme ya China yanatumia betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti hata chembe. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka vibaya, na Oktoba mwaka huohuo ikaanzisha mgawo: tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Naelewa kwa nini walifanya hivyo, na bei kweli ilipanda. Lakini kufunga bomba ni silaha ya muda. Kila bei inapopanda, kuna maabara mahali fulani inayopata sababu mpya ya kuikimbia kobalti.

Ninachokipigania mimi ni usafishaji wa hapa hapa, na si ndoto. Umeshafanyika. Magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha Kasese rundo la marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji wa shaba, yenye salfa, chuma na kobalti kidogo, zaidi kidogo ya asilimia moja. Kwa miaka mingi mvua ililiosha rundo hilo na kupeleka asidi kwenye mbuga hadi majani yakafa njia nzima. Mwaka 1999 kiwanda kikaanza kulishughulikia kwa bakteria. Waliwekwa kwenye matangi makubwa yenye hewa na joto la kufaa, wakala salfa na chuma, kobalti ikabaki imeyeyuka majini. Ikasafishwa, ikapitishiwa umeme, ikatoka metali safi. Mitambo ilipata umeme wa kituo kidogo cha nguvu za maji kilichojengwa kwa ajili yake. Kazi hiyo iliendelea mpaka rundo lilipokwisha, miaka ya mwanzo ya 2010. Kobalti safi, iliyosafishwa Afrika Mashariki na wadudu wasioonekana kwa macho, na kwenye vitabu vyetu vya sekondari sijaona hata mstari mmoja kuihusu.

Sasa kuna Kabanga, wilayani Ngara, ambako nikeli, shaba na kobalti zimelala pamoja, na mpango uliotangazwa awali ulikuwa kusafisha Kahama, palipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Baada ya mzozo wa 2017 wa makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje bila kusafishwa, Watanzania wengi wanauliza swali zuri la asilimia ngapi za hisa ni zetu. Naomba tuongeze mengine: ni wakemia wangapi wa kwetu watasimama kwenye matangi hayo, nani atamiliki maabara ya kupima kilichotoka, na je, waliokuwa wakiendesha mitambo ya Kasese wameulizwa chochote? Wapo. Wengine hawajastaafu bado.